Kinyama cha Shume: Historia ya Vipimo vya Homoni katika Saratani ya Matiti Inayofika Ubongoni

Saratani ya matiti ikishafika ubongoni huweza kuwa na tabia tofauti na ile iliyoanzia kifuani. Uvimbe uliotolewa kwenye titi, ukapimwa na kukutwa na vipokezi vya homoni, huweza kuonekana ubongoni miaka kadhaa baadaye ukiwa umevipoteza vyote. Mwingine uliokuwa hauna protini iitwayo HER2 huonekana kichwani ukiwa nayo tele. Kwa mgonjwa, tofauti hiyo ni ya dawa: kidonge kilichokuwa kikimsaidia hakina tena cha kushika, na dawa ambayo hakuwahi kuandikiwa ndiyo anayoihitaji. Kwa daktari ni suala la kinyama, yaani kile kipande kidogo kinachokatwa na kupelekwa maabara. Ujuzi huo ulikusanywa Glasgow, Chicago na Manchester. Kinyama chenyewe, kwa mwanamke wa Shume, kimekuwa kikipitia Lushoto, Mombo na barabara kuu ya kwenda Moshi au Dar es Salaam.

Shume ni sehemu ya juu ya Usambara Magharibi, upande wa kaskazini wa mji wa Lushoto, kwenye kimo cha karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi za Juni na Julai ukungu hulala juu ya mashamba ya kabichi, viazi na karoti, na watu hutembea na makoti mazito kana kwamba Tanga yenye joto haimo katika mkoa huo huo. Soko la mboga liko Lukozi, na msitu wa kupandwa wa misonobari na misaipresi unaanza pale mashamba yanapokoma. Upande wa magharibi mlima hukatika ghafla, na chini yake huonekana nyika na njia ya reli. Kila kilichotoka Shume kilitoka kwa kuteremka, na mteremko huo haujawahi kuwa rahisi.

Wajerumani walipoiona misitu ya mierezi ya Shume waliona mbao. Kampuni ya Wilkins & Wiese ilipewa eneo, ikajenga kiwanda cha kupasua magogo mahali ilipopaita Neu-Hornow, na kampuni ya Bleichert ya Leipzig ikatengeneza njia ya kamba za chuma ya kuteremshia mbao hadi kituo cha reli cha Mkumbara. Reli ya Usambara ilikuwa imefika Mombo mwaka 1905 na ikaendelea kuelekea Moshi. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza mbao za Shume zilikuwa zikining'inia hewani juu ya makorongo, zikishuka zaidi ya kilometa moja kwa kimo. Watu waliteremka kwa miguu.

Jirani na hapo, Kwai, serikali ya Kijerumani ilikuwa na shamba la majaribio ya kilimo na mifugo. Robert Koch, bingwa aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alipokuwa Afrika Mashariki mwaka 1897 na 1898 alipanda Usambara na kuitumia Kwai katika uchunguzi wake wa homa ya ng'ombe. Pwani alifanya kazi katika hospitali mpya ya serikali iliyojengwa ufukweni Dar es Salaam, ile inayojulikana hadi leo kwa jina la Ocean Road. Hospitali hiyo ilikuwa ya Wazungu. Waafrika walitibiwa katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za tajiri wa Kihindi, Sewa Haji. Ng'ombe wa Kwai, kwa hiyo, waliingia katika maandishi ya tiba ya dunia mapema kuliko wanawake waliowakamua.

Tiba ya kizungu kwa wenyeji wa milimani ilikuja kwa mkono wa wamisionari. Wale wa misheni ya Bethel walifika Mlalo mwaka 1891, kisha wakaenda Vuga na Bumbuli. Watrapisti walikaa Gare. Bumbuli ilikuja kuwa hospitali ya Kilutheri inayojulikana Usambara nzima. Lutindi, upande wa kusini wa milima hiyo, wamisionari walikuwa wamejenga makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 makao hayo yakageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya kwanza ya aina yake Afrika Mashariki. Lutindi inastahili kutajwa katika habari hii kwa sababu moja. Saratani ikiingia ubongoni humfanya mtu aumwe kichwa kila alfajiri, atapike, aanguke kifafa ukubwani, apooze mkono, au abadilike tabia hata ndugu wasimtambue. Kabla ya picha za CT, nani angeunganisha mambo hayo na titi lililoondolewa miaka minne nyuma? Yalionekana kuwa magonjwa mawili, na kila moja lilitafutiwa sababu yake na mganga wake.

Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeishi na Wasambaa na kuandika kitabu juu ya ufalme wa Wakilindi, alieleza katika makala ya mwaka 1981 jinsi uamuzi wa tiba kaskazini mashariki mwa Tanzania unavyokuwa mikononi mwa ndugu. Watu hukaa, hupima maneno, humpeleka mgonjwa hospitali, kisha kwa mganga, kisha hospitali tena, bila kuona kwamba njia moja imeifuta nyingine. Uvimbe wa titi usiouma umepita katika vikao hivyo kwa vizazi, na mara nyingi kikao kimekaa baada ya kidonda kutokea. Tathmini ya huduma za saratani ya matiti iliyofanyika nchini mwaka 2017 ilionyesha kuwa karibu asilimia 80 ya wagonjwa hugundulika wakiwa katika hatua ya tatu au ya nne. Ni rahisi kuwatupia waganga lawama zote. Nauli, msimu wa kuvuna viazi, na rufaa inayompeleka mtu huku na kumrudisha kule vina fungu lao, na fungu hilo si dogo.

Ugonjwa wenyewe haukuletwa na maisha ya kisasa, kama wengi wanavyodhani. J. N. P. Davies na wenzake walipochambua madaftari ya hospitali ya Mengo, Kampala, kuanzia mwaka 1897 hadi 1956, walikuta saratani zimeandikwa humo tangu miaka ya mwanzo, na ya titi ikiwa miongoni mwake. Idadi ilikuwa ndogo. Wanawake waliofika hospitali nao walikuwa wachache.

Wakati Ocean Road ikijengwa, daktari mmoja wa Glasgow, George Thomas Beatson, alikuwa na wazo lililotoka zizini. Alipokuwa akiandika tasnifu yake juu ya utoaji wa maziwa aliambiwa kwamba katika nchi fulani wafugaji humtoa ng'ombe ovari baada ya kuzaa ili maziwa yasikauke. Akajiuliza: ikiwa kiungo kilichoko tumboni kinaweza kuamuru titi litoe maziwa au liache, je, hakiwezi kuamuru na saratani ya titi? Mwezi Juni 1895 alimtoa ovari mwanamke wa miaka 33 ambaye saratani yake ilikuwa imerudi baada ya upasuaji. Uvimbe ukasinyaa. Beatson akachapisha habari hizo katika jarida la Lancet mwaka 1896. Shume, ambako ng'ombe wa maziwa hufungwa bandani na mwanamke humletea majani ya gwatemala aliyoyakata kwenye makingamaji, wazo kama hilo lisingehitaji maelezo mengi. Anayekamua kila siku anajua kwamba maziwa yana mambo yake na uzazi.

Wapasuaji wengine walijaribu, na mwaka 1900 Stanley Boyd wa London alipokusanya matokeo yao aliona kwamba karibu theluthi moja tu ya wagonjwa walipata nafuu. Kwa nini hao na si wenzao? Swali hilo lilikaa zaidi ya nusu karne bila jibu, na kwa muda wote huo wanawake wengi walipasuliwa tumbo bure.

Jibu lilianza kuonekana Chicago mwishoni mwa miaka ya 1950. Elwood Jensen alitengeneza estrojeni, homoni ya ovari, iliyotiwa alama ya mionzi hafifu, akawapa panya jike wachanga, kisha akafuatilia inakoishia. Katika misuli homoni hiyo iliingia na kutoka. Katika mji wa uzazi iliingia ikakaa. Kulikuwa na kitu humo kinachoishika, na kitu hicho ndicho kipokezi: protini ndani ya seli ambayo, ikishashikana na estrojeni, huwasha jeni zinazoiambia seli ikue na kugawanyika. Uvimbe wenye vipokezi hivyo hulishwa na homoni, na ukinyimwa homoni hudhoofika. Kufikia mwaka 1971 Jensen alikuwa ameonyesha kwamba wagonjwa ambao uvimbe wao hauna vipokezi hawana matumaini makubwa ya kufaidika na kuondolewa ovari au tezi nyingine. Theluthi ya Boyd ilikuwa imepata maelezo.

Kipimo cha Jensen kilikuwa na masharti magumu. Kilihitaji kipande kikubwa cha uvimbe, kikiwa kibichi, kigandishwe mara tu kinapotoka mwilini, kisha kisagwe na kuchanganywa na homoni yenye mionzi. Hospitali ya wilaya ambayo umeme wake ulitegemea jenereta isingeweza hata kukianza. Kwa miaka 20 hivi ujuzi wa vipokezi ulikuwepo duniani bila kuwepo milimani.

Dawa ilitangulia kipimo. Mwaka 1962 Dora Richardson, mkemia wa kampuni ya ICI nchini Uingereza, alitengeneza kemikali iliyotarajiwa kuwa dawa ya kuzuia mimba. Kwa kazi hiyo haikufaa. Ilikuwa, hata hivyo, inakalia kipokezi cha estrojeni na kuizuia homoni isikae, na mwaka 1971 madaktari wa hospitali ya Christie, Manchester, wakiongozwa na Mary Cole, walitoa matokeo ya kwanza ya kuitumia kwa saratani ya matiti iliyoenea. Ndiyo tamoksifeni, iliyoidhinishwa Uingereza mwaka 1973 na Marekani mwaka 1977. Ni kidonge cha bei nafuu, humezwa nyumbani mara moja kwa siku, hakihitaji friji wala dripu. Katika dawa zote za saratani, hakuna inayomfaa mtu anayeishi mbali kama hiyo. Ndiyo maana katika hospitali nyingi za Afrika ilitolewa kwa miaka mingi bila kipimo chochote: mwenye vipokezi aliipata, na asiye navyo aliipata vile vile, akaimeza miezi mingi kwa imani.

Kilichobadilisha mambo kwa hospitali za mbali ni nta. Mwaka 1980 Geoffrey Greene na Jensen walitoa kingamwili zinazokitambua kipokezi cha estrojeni, na katika miaka ya 1990 ikawezekana kuzitumia kwenye vinyama vilivyohifadhiwa kwa njia ya kawaida. Kinyama hulowekwa kwenye formalini, hukaushwa maji, kisha huzamishwa kwenye nta ya parafini hadi kiwe kibonge kigumu kinachoitwa bloku. Bloku hukatwa vipande vyembamba vya elfu chache za milimita, hupakwa kingamwili na rangi, na penye kipokezi viini vya seli huonekana vya kahawia chini ya hadubini. Bloku haiozi. Inaweza kukaa kabatini miaka kumi na bado ikatoa jibu. Inaweza kupanda basi.

Njia ya kutoka Shume nayo ilikuwa imebadilika. Zamani mgonjwa wa Lushoto aliyefika reli Mombo alijikuta Tanga, kwa kuwa reli ya Usambara haikuungana na ya kati hadi mwaka 1963, kipande cha Ruvu hadi Mruazi kilipokamilika. Hospitali ya rufaa ya KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971. Ocean Road, ile hospitali ya Koch, iligeuzwa baada ya uhuru kuwa hospitali ya wazazi; mwaka 1980 ikawa kituo cha tiba ya mionzi chini ya hospitali ya Muhimbili, na mwaka 1996 Bunge likaitungia sheria ikawa Taasisi ya Saratani Ocean Road. Mwaka 2000 wataalamu wa patholojia wa Muhimbili, wakiwemo M. P. Mbonde na J. N. Kitinya, pamoja na wenzao wa nje, walichapisha matokeo ya kupima vipokezi katika saratani za matiti za wanawake wa Tanzania. Karibu theluthi tu zilikuwa na kipokezi cha estrojeni, wakati Ulaya na Marekani ni robo tatu hivi. Tafiti za baadaye nchini zimetoa viwango vya juu zaidi, na sehemu ya tofauti hiyo huenda iko ndani ya chupa.

Habari ya chupa inafaa kuangaliwa kwa karibu. Daktari wa wilaya anakata kinyama asubuhi. Kinatiwa kwenye chombo, mara nyingine chombo cha plastiki kilichokuwa na kitu kingine, formalini inamiminwa, jina linaandikwa kwa kalamu juu ya plasta nyeupe. Kuanzia hapo kuna mipaka miwili ya muda inayogombana. Ikiwa kinyama kimekaa mezani kwa muda mrefu kabla ya formalini, protini zake zinaanza kuharibika. Utaratibu unataka kitumbukizwe ndani ya saa moja. Kikikaa kwenye formalini chini ya saa 6 hakijaiva. Kikizidisha saa 72, formalini hufungafunga protini kiasi kwamba kingamwili haiwezi tena kuzifikia kirahisi. Sasa chupa inasubiri ndugu apate nauli, au inasubiri vifikie vinyama vitano ili safari moja ibebe vyote, kisha inateremka Soni, inapita Mombo, inafika maabara Ijumaa jioni. Jumatatu kinyama kina siku sita. Kipokezi kilichokuwepo titini kinaandikwa hakipo, na mwanamke ananyimwa kidonge kilichomfaa. Formalini ikiwa kidogo kuliko kinyama, au imechakachuliwa kwa maji, matokeo ni hayo hayo.

HER2 iliingia katika historia hii baadaye. Ni protini iliyo juu ya ngozi ya seli, na mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake walionyesha kwamba saratani ya matiti yenye nakala nyingi za jeni yake hurudi mapema na kuua haraka. Dawa ya trastuzumabu, inayoishika HER2, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998. Iliongeza miaka ya kuishi, na hapo hapo ikafunua jambo ambalo halikuwa likionekana vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 madaktari walianza kuona wagonjwa ambao ugonjwa umetulia kwenye ini na mapafu lakini umechipuka kichwani. Ubongo ulikuwa umebaki nje ya ulinzi.

Sababu yake ilikuwa imeanza kujulikana tangu mwaka 1885, Paul Ehrlich, ambaye baadaye alifanya kazi katika taasisi ya Koch mjini Berlin, alipodunga wanyama rangi na kuona kwamba viungo vyote vimepata rangi isipokuwa ubongo. Mishipa midogo ya damu ya ubongo imebanana kuta zake, na molekuli kubwa kama trastuzumabu hupita kwa shida sana. Seli ya saratani inayofanikiwa kupenya inajikuta mahali ambapo dawa nyingi hazifiki, chakula kipo, na kinga ya mwili ina mipaka. Si kila saratani ya titi ina uwezo sawa wa kufika huko. Zenye HER2, na zile zisizo na kipokezi chochote kati ya vitatu vinavyopimwa (cha estrojeni, cha projesteroni na HER2), ndizo zinazoongoza. Zenye vipokezi vya homoni hupenda zaidi mifupa, na zikifika ubongoni mara nyingi huwa zimechukua miaka mingi.

Lakini je, kinachofika ni kile kile kilichoondoka? Kwa muda mrefu ilichukuliwa hivyo, na jibu la kinyama cha kwanza lilimfuata mgonjwa maisha yake yote kama cheti cha kuzaliwa. Uvimbe wa ubongo ulipoanza kupasuliwa na kupimwa kwa wingi, dhana hiyo iliyumba. Uchambuzi uliounganisha tafiti 15 zenye wagonjwa zaidi ya 1,300, uliochapishwa mwaka 2021, ulikuta kwamba karibu wanne kati ya kumi walikuwa na badiliko la aina fulani kati ya titi na ubongo. Kipokezi cha estrojeni kilitofautiana kwa asilimia 17 hivi, cha projesteroni kwa 23, na HER2 kwa 12. Mwelekeo wake ndio wa kuangaliwa: vipokezi vya homoni hupotea zaidi kuliko vinavyopatikana, na HER2 hupatikana zaidi kuliko inavyopotea.

Maelezo yake ni zaidi ya moja. Uvimbe wa titi tangu mwanzo ni mchanganyiko. Ndani yake zimo seli zenye vipokezi na zisizo navyo, kama debe la maharage lenye mbegu za namna mbili. Tamoksifeni ikiua za kwanza kwa miaka mitano, zitakazobaki na kusafiri ni za pili. Njia nyingine ni ya seli kuizima jeni ya kipokezi bila kuipoteza, kwa kuibandika kemikali inayoifunga. Ubongo nao una mazingira yake: una wingi wa protini zinazoamsha familia ya HER2, hivyo seli yenye HER2 nyingi hupata faida huko ambayo haikuwa nayo kifuani. Na ipo sababu ya nne, isiyo na fahari yoyote, kwamba wakati mwingine hakuna kilichobadilika ila kipimo. Kinyama cha kwanza kilikaa sana kwenye formalini na kile cha pili kilishughulikiwa vizuri, au kinyume chake. Hata kanuni ya kuhesabu ilibadilika. Kabla ya 2010 maabara nyingi zilihitaji asilimia 10 ya seli ziwe na rangi ndipo uvimbe uitwe wenye kipokezi. Mwaka huo wataalamu wa Marekani walishusha kiwango hadi asilimia 1. Mgonjwa aliyepimwa mwaka 2008 akaambiwa hana, angeweza kupimwa mwaka 2012 kwa bloku ile ile akaambiwa anavyo. Badiliko la aina hiyo lilitokea kwenye karatasi.

Katika nchi ambayo chupa husafiri kama inavyosafiri kutoka Shume, sababu hiyo ya nne ina uzito mkubwa kuliko unaopewa katika vitabu vya Ulaya. Daktari anayeona majibu mawili yasiyolingana ana haki ya kuomba bloku ya zamani ipimwe upya, sambamba na mpya, kabla ya kusema saratani imegeuka.

Kinyama cha ubongo chenyewe ni kigumu kupatikana. Titi hukatwa kinyama kwa sindano katika chumba cha kawaida. Kichwa kinahitaji mpasuaji wa ubongo, picha za CT au MRI, na chumba cha wagonjwa mahututi. Kwa Tanzania kazi hiyo imekuwa ya hospitali chache, ya kwanza kutajwa ikiwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa mwaka 1996 sawa na Ocean Road mpya. Upasuaji huwa na maana zaidi pale uvimbe ni mmoja na uko mahali panapofikika. Ukiwa zaidi ya mmoja, mgonjwa hupewa dawa za kupunguza kuvimba kwa ubongo na maji kichwani, kisha mionzi ya ubongo mzima. Mionzi hiyo ilitolewa Ocean Road kwa mashine za kobalti kwa miongo kadhaa, hadi mashine za kisasa za LINAC zilipoanza kazi mwaka 2018. Kwa wagonjwa hao wa mionzi, ubongo haupimwi. Tabia ya uvimbe inakisiwa kutokana na titi. Miongozo ya kimataifa inashauri kupima upya pale ugonjwa unapoenea, ikiwezekana. Neno hilo, ikiwezekana, ndilo linalobeba tofauti yote kati ya Boston na Lukozi. Pale ubongo usipofikika lakini kuna kidonda kifuani, tezi shingoni au uvimbe kwenye ini, kinyama cha hapo ni bora kuliko kutopima kabisa, ingawa hakiwezi kusema kwa uhakika kilichoko kichwani.

Faida ya kupima inategemea dawa zilizopo. Aliyepoteza kipokezi cha estrojeni huondolewa tamoksifeni, ambayo vinginevyo ni miongoni mwa dawa zinazopenya ubongoni vizuri, na huelekezwa kwenye tibakemia. Aliyepata HER2 hufunguliwa mlango wa dawa za molekuli ndogo, kama lapatinibu, na tukatinibu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020 baada ya kuonyesha kwamba inawasaidia hata wenye uvimbe ubongoni. Trastuzumabu iliingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Tukatinibu bado ni dawa ya nchi tajiri, na kumwambia mama wa Shume kwamba uvimbe wake sasa una HER2 bila kuwa na cha kumpa ni habari nusu. Hata hivyo ni nusu yenye kazi: inamwondoa kwenye kidonge kisichofaa, na inawapa ndugu wanaokaa kikao kitu cha kukijadili zaidi ya kichwa kinachouma.

Mambo mawili katika safari hii hayahitaji mashine mpya. La kwanza ni saa ya kukatwa kinyama na saa ya kukitia formalini kuandikwa juu ya chupa, ili maabara ijue inapima nini. La pili liko mikononi mwa mgonjwa na ndugu zake. Anayetoka Lushoto kwenda KCMC, au KCMC kwenda Ocean Road, aombe nakala ya jibu la patholojia yenye asilimia za vipokezi vyote vitatu, pamoja na namba ya bloku na jina la maabara ilikohifadhiwa, aviweke pamoja na kadi ya kliniki. Miaka mitano baadaye, kichwa kikianza kuuma alfajiri, hizo ndizo karatasi za kwanza daktari atakazoziulizia.